Mwewe na Pweza: Nani Mwenye Jicho Bora?

Mwaka huu darasani kwetu kulizuka ubishi juu ya suali hili. Wengi wenu mlimpa mwewe ushindi upesi, tena mkamcheka pweza kwamba hana hata mfupa mmoja. Tukaahidi kulijibu katika jarida hili.

Kwanza tusichanganye mambo. Mwewe haliwi, kwani ni ndege mwenye kucha za kuwindia, na pweza twamla katika madhehebu yetu ya Shafi'i. Hiyo ni hukumu ya chakula, haihusu jicho.

Mwewe huzunguka juu ya minazi akamwona kifaranga uani. Nyuma ya jicho lake zimejipanga chembe za kupokea mwanga, na zile za kupambanua rangi ni za aina 4, ilhali sisi binadamu tunazo 3. Pweza ana chembe za aina 1 tu, kwa hiyo haoni rangi kama tuonavyo sisi. Na huyu ndiye anayejigeuza rangi akafanana na mwamba, kwa vifuko vidogo vilivyomo ngozini mwake! Wataalamu bado wanajadiliana anawezaje.

Hapo mwewe anaongoza. Lakini jicho lake, kama letu, lina pahala pasipoona. Hatusemi kasoro. Nyuzi za neva hupita mbele ya zile chembe, zikakusanyika na kutoka kwa tundu moja, na penye tundu hapana chembe. Jaribuni wenyewe: chora msalaba mdogo, na kulia kwake, umbali wa vidole vinne, chora nukta. Fumba jicho la kushoto, utazame msalaba kwa jicho la kulia, huku ukiisogeza karatasi polepole. Pahala fulani nukta itatoweka. Pweza hana pahala hapo, kwa sababu nyuzi zake hutokea nyuma ya chembe.

Kwa hiyo kila mmoja ana lake, na ubishi wenu hauna mshindi.

Jicho hilo la pweza ndilo linalowatazama mnapochokoa matundu ya mwambani wakati wa bamvua. Mama mwenye mayai haondoki. Huyalinda na kuyapulizia maji mpaka yaanguliwe, hali chakula, kisha hufa. Mwewe akipoteza makinda mwaka huu aweza kutaga tena mwakani. Pweza hutaga kipindi kimoja tu maishani mwake.