Kutafuta Jina la Kitu Kidogo: Istilahi ya Maikrokontrola na Mtihani wa Balambala

1. Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna jina la kifaa kipya cha elektroniki linavyotafutwa, na kuonyesha kwamba mahali jina linapojaribiwa pana uzito sawa na mahali linapobuniwa. Kifaa chenyewe ni kile ambacho wahandisi hukiita maikrokontrola. Ni kipande chembamba cha silikoni, aghalabu kidogo kuliko ukucha, ambacho ndani yake mmekusanywa sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu ya kuhifadhi maagizo, na njia za kupokea na kutoa ishara. Kompyuta ya mezani hufanya kazi nyingi za namna mbalimbali. Maikrokontrola hupewa kazi moja na kuirudia usiku na mchana.

Mahali tulipopachagua ni Balambala, eneo bunge mojawapo kati ya sita za Kaunti ya Garissa, kando ya Mto Tana. Huko Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani ya walio wengi, nacho Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya kuzungumza na mgeni. Isidhaniwe kwamba kifaa hiki hakijafika huko. Kadi ya simu ni maikrokontrola. Tangu huduma ya M-PESA ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, mchungaji anayetuma fedha kwa simu hutembea na kifaa hicho mfukoni. Vilevile, pampu ya kisima inayoendeshwa kwa nguvu za jua huongozwa na maikrokontrola: hupima nguvu inayotoka kwenye paneli, hutambua tangi lililojaa, na huzima mashine maji ya kisima yanaposhuka ili isije ikaungua.

Tuseme basi kwamba pampu imenyamaza wakati wa kiangazi. Aliye kisimani atampigia simu fundi aliye mbali, na kama fundi si Msomali, mazungumzo yatakuwa ya Kiswahili. Ikiwa aliye kisimani hana neno ila “kile kitu kidogo cheusi”, fundi hatajua abebe kipuri gani. Safari moja itakuwa mbili, na mifugo itangoja maji. Suala la istilahi, kwa hiyo, si la wanaleksikografia peke yao.

2. Jina la pekee na jina la jumla

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mtengenezaji anapokipa kifaa chake jina, hutafuta jina la pekee. Jamii ya wasemaji huhitaji jina la jumla.

Majina ya pekee ya vifaa hivi yalianza kwa tarakimu. Kampuni ya Intel ilitoa 4004 mwaka 1971, na maikrokontrola yake mashuhuri, 8051, mwaka 1980. Texas Instruments iliuza TMS1000 tangu 1974. Tarakimu zina faida ya kupangika, lakini zilileta taabu ya kisheria: mahakama ya Marekani haikukubali kwamba namba tupu ni mali ya kampuni moja. Ndiyo sababu mwaka 1993 Intel iliacha namba na kuiita prosesa yake mpya Pentium. Wengine walichukua majina ya mahali na watu. Arduino, iliyoanzishwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, ilipewa jina la baa, nayo baa ilikuwa na jina la mfalme wa kale wa Italia. Wengine bado hutumia tarakimu, ila zenye maana: katika RP2040 ya mwaka 2021, herufi mbili za mwanzo ni kifupi cha Raspberry Pi, 2 ni idadi ya viini vya kukokotoa, 0 ni aina ya kiini, na tarakimu mbili za mwisho huonyesha viwango vya kumbukumbu.

Hakuna hata moja kati ya majina haya linalomwambia mtu wa Balambala kifaa kinafanya nini, wala halikukusudiwa hivyo. Kazi hiyo ni ya jina la jumla, na hapo ndipo mwanaisimu anapoitwa.

3. Njia iliyokwisha kufyekwa

Kiswahili hakianzi safari hii mikono mitupu. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliingizwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilishughulikia istilahi za fani nyingi. Utaratibu uliozoeleka ni kutafuta neno kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa utaratibu huo tulipata ngeli kutoka Kihaya na ikulu kutoka Kinyamwezi.

Hata hivyo, katika uwanja wa kompyuta matokeo yametofautiana. Kipanya kilipokewa upesi kwa sababu umbo la kifaa lilijieleza. Tarakilishi, lililoundwa kwa kuunganisha dhana za tarakimu na akili, hutumika katika shule na vitabu vya Kenya. Ngamizi nalo lilipendekezwa. Lakini midomoni mwa watu kompyuta imebaki kompyuta. Funzo ni kwamba neno lililoundwa vizuri kwa kanuni laweza kushindwa na neno la kukopa lililotangulia sokoni. Maikrokontrola bado haina neno lililokita mizizi sokoni, na kwa hiyo nafasi ingalipo.

4. Majina matatu mbele ya mtihani

Tunapendekeza mitihani minne: je, jina laeleza kazi ya kifaa? Je, latamkika kwa wasemaji ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza? Je, halichanganyiki na neno jingine? Na je, lakubali mofolojia ya Kiswahili? Mtihani wa pili ndio unaosahauliwa sana, nao ndio tunaouita mtihani wa Balambala.

Chipu. Neno hili ni fupi na limekwisha kuzoeleka kwa mafundi. Lakini Kisomali hakina sauti /p/. Msemaji wake huweka /b/ mahali pake. Zaidi ya hayo, herufi j ya Kisomali hutamkwa na baadhi ya wasemaji kwa mghuna na na wengine bila mghuna, hata ikakaribia ch. Matokeo ni kwamba chipu kwa urahisi husikika kama jibu. Fundi akiambiwa katika simu kwamba “jibu limeungua”, hatakosa kushangaa. Tena chipu ni kipande chochote cha namna hiyo, kiwe cha kumbukumbu au cha kuongoza, halibainishi.

Maikrokontrola. Neno hili lina usahihi wa kimataifa, lakini ni refu, lina mfuatano wa konsonanti ambao silabi za Kisomali hazianzi nao, na halina mzizi wowote utakaomsaidia mwanafunzi kukisia maana.

Kidhibiti. Hili ni neno zuri la ngeli ya KI-VI, ngeli ya vyombo. Lakini limekwisha kuajiriwa. Tangu kanuni za magari ya abiria za mwaka 2004 nchini Kenya, vidhibiti mwendo ni vifaa vya kuzuia gari lisipite kasi iliyowekwa. Dhana ya kuzuia imelishika neno hili, ilhali maikrokontrola haizuii tu. Husoma hali, huamua, na kuamuru. Ipo pia taabu ya hati. Tangu Oktoba 1972 Kisomali kimekuwa na hati rasmi ya Kilatini, na humo dh ni sauti ya ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma, si ile ya dhahabu na dhambi. Anayesoma lugha zote mbili hukutana na herufi zilezile zenye sauti mbili.

5. Hoja ya hatamu

Je, wasemaji wa Kisomali wenyewe wamefanyaje walipohitaji neno la kuongoza? Hoggaan kwa asili ni kamba ya kumwongozea ngamia. Kutokana nayo wamepata hoggaamiye, kiongozi. Vivyo hivyo gaadiid, wanyama wa mizigo, siku hizi ni vyombo vya usafiri. Neno la mfugaji limepandishwa cheo bila kuacha nyumba yake.

Mataifa mengine yalifanya hivyo kwa bahari. Norbert Wiener alipohitaji jina la taaluma ya uongozaji wa mitambo mwaka 1948, alichukua neno la Kiyunani lenye maana ya mshika sukani. Nasi tunao usukani, lakini gari limekwisha kuutwaa.

Tunalo pia neno hatamu. Asili yake ni Kiarabu, ambako ni kamba ya puani mwa ngamia. Katika Kiswahili limekwisha kuvuka kutoka kwa mnyama hadi utawala: kauli ya chama kushika hatamu ilivuma Tanzania miaka ya 1970. Kwa maana hiyo hatamu na hoggaan ni ndugu wa maana, ingawa si wa damu. Tunapendekeza kihatamu: kifaa kidogo kinachoshika hatamu za mtambo.

Tukilipitisha katika mitihani yetu, laeleza kazi. Konsonanti zake k, h, t na m zote zimo katika Kisomali. Wingi, vihatamu, una /v/ ambayo huenda ikawa /f/, lakini halitagongana na neno jingine. Mofolojia yakubali: kihatamu kimeungua, vihatamu vimefika. Tahadhari moja yahitajika. Kisiundwe kitenzi hatamia, maana kitachanganyika na atamia, kazi ya kuku juu ya mayai. Kushika hatamu kwatosha.

6. Hitimisho

Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, imo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na utengenezaji wa vifaa vya aina hii. Siku kifaa kitakapotoka kwa jina la pekee la humu nchini, jina hilo laweza kuwa lolote. Laweza hata kuwa Koor, kengele ya mti inayovishwa shingoni mwa ngamia. Jina la jumla halina uhuru huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka dola iendeleze lugha za wenyeji. Kwa maoni yetu vifungu hivyo viwili hukutana katika kazi ya istilahi: mgeni wa lugha naye ana haki ya kuulizwa kama neno lamkaa kinywani.

Kihatamu si neno la mwisho. Kabla halijaingizwa katika kamusi, lipelekwe kisimani pamoja na kisanduku cha pampu kilichofunguliwa, na anayechota maji aambiwe alitamke kwa simu kwa mtu asiyemwona. Likifika upande wa pili likiwa zima, litakuwa limefaulu. Lisipofika, turudi kutafuta jingine.