Shelisheli: Nchi ya Visiwa na Watu Wake

Wasomaji wetu wa pwani hulijua vema tunda la shelisheli, lakini si wengi waijuao nchi yenye jina hilo hilo. Nchi hiyo ni visiwa vilivyo mashariki ya Mombasa, mwendo wa zaidi ya maili 1,000 baharini. Kabla ya mwaka 1971, ulipofunguliwa uwanja wa ndege, msafiri hakuwa na njia ila meli, naye alikaa majini yapata siku tatu.

Visiwa hivyo ni 115, lakini ardhi yake yote haifikii ukubwa wa Nairobi na vitongoji vyake. Watu nao ni yapata laki moja na kidogo tu; wakazi wa Kibera na Kawangware wakihesabiwa pamoja wanawazidi. Kisiwa kikubwa ni Mahé, penye mji mkuu, Victoria, na mlima upitao mita 900. Visiwa vya katikati ni vya mawe magumu ya matale. Vilivyo mbali ni vya matumbawe, vimeinuka kidogo tu juu ya maji. Kisiwani Praslin huota mnazi wa ajabu, ambao nazi yake moja huweza kupita kilo 20, nayo hukaa mtini miaka sita au saba hata ikomae.

Hapakuwa na wenyeji wa asili. Wafaransa walianza kukaa mwaka 1770, wakaleta watumwa kutoka Afrika na Bukini. Waingereza walipewa visiwa kwa mkataba wa mwaka 1814, na utumwa ukakomeshwa mwaka 1835. Lakini tangu mwaka 1861 manowari za Kiingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa karibu na pwani yetu zilishusha huko watu zaidi ya 2,000. Waliambiwa kuwa ni huru. Kurudishwa kwao hawakurudishwa, bali walipewa kazi katika mashamba ya minazi. Watoto wao walifunzwa katika shule ya misheni mlimani, iliyoitwa Venn's Town, ambayo magofu yake yangalipo. Basi, mtu wa Shelisheli asemaye Krioli, lugha iliyotokana na Kifaransa, huenda babu yake alichukuliwa bara hii hii yetu. Ngoma yao ya moutia, iliyochezwa usiku na watumwa kando ya moto, iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Kwa habari ya utawala, visiwa viliwekwa chini ya Mauritius hata mwaka 1903, vikapewa Gavana wake. Uhuru ulipatikana tarehe 29 Juni, 1976. Mwaka mmoja haujatimia, Rais wa kwanza, James Mancham, alipinduliwa akiwa London, na France-Albert René akashika nchi kwa chama kimoja. Katiba ya vyama vingi ilipatikana mwaka 1993, na mwaka 2020 upinzani ulishinda urais kwa mara ya kwanza, pasipo kumwaga damu.

Lakini kwa wazee wa Uganda jina la Shelisheli lilikuwa jina la kifungo. Mwezi wa Aprili, 1899, Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa pamoja katika nchi ya Lango, wakapelekwa visiwani. (Baadhi ya Wanubi wa Kibera ni wa uzao wa askari wa Kisudani waliokuwa Uganda katika vita vile.) Kabalega alikuwa amepigwa risasi, mkono wake ukakatwa. Huko wafalme wote wawili walibatizwa. Mwanga alifariki mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa kuzikwa Kasubi mwaka 1910. Kabalega alikaa huko zaidi ya miaka 20. Mwaka 1923 alipewa ruhusa ya kurudi, akavuka bahari, akafika Jinja. Akafa hapo, Bunyoro hakuiona.