UFUNGUO WA TOVUTI

Ufunguo wa ghala la karafuu hapewi kila mchumaji. Na tovuti ni vivyo hivyo. Programu ya WordPress, tangu mwaka 2005, huwapa watumiaji vyeo vitano. Aliyejiandikisha husoma tu. Mchangiaji huandika bali hachapishi. Mwandishi huchapisha yake. Mhariri hutengeneza ya wote. Msimamizi aweza yote, hata kuwaondoa wenziwe.

Twaona wasimamizi wawe wawili: mmoja akisafiri au akifa, ufunguo usipotee naye. Neno la siri haliazimwi. Aachaye kazi afutwe siku ile ile. Hapo programu huuliza: makala zake zifutwe, au apewe mwingine? Tuchague apewe mwingine, kazi ya chama isipotee.