Tronsonezi yetu ilikufa, magazini ikasema kosa ni letu

Leo sitaandika juu ya mbolea wala mihogo. Nataka nieleze namna motere inaweza kufa mkononi mwako, na namna ya kujua ni nini iliiua, juu siye watatu tulipoteza feza na usingizi kwa sababu ya hiyo.

Kisha lisansi, kazi haikuonekana. Tukachanga dola 200 kila mmoja, tukanunua tronsonezi mupya hapa Bukavu, garanti miezi sita. Tulikuwa tunapasua mikaratusi kule Kabare na kuuza mbao. Wiki ya saba, wakati mteja alikwisha kutupatia akonti ya dola 150, mashini ikaanza kulia juu sana yenyewe, hata ukiachilia gazi. Tukashusha ralanti kwa ile visi yake, kelele ikapungua, tukaendelea na kazi. Kisha siku mbili ikazima. Kamba haivutiki tena.

Patro wa magazini aliangalia dakika mbili tu: « Bapetit, muliweka esansi bila mafuta. Tena esansi ya ba kadhafi. Garanti haiingii. »

Sasa tuelewane. Motere ya tronsonezi ni ya detan, haina mahali pa kuweka mafuta kando kama ya gari. Mafuta yake inakuja ndani ya esansi. Siye tulikuwa tunachanganya moja kwa hamsini, maana yake mililitri 100 ya mafuta kwa litri 5 za esansi, vile kitabu chake kinasema. Ukisahau mafuta, pistoni inakwaruzika pande zote, na hata chini, kwenye rulema za biele, kunakuwa kukavu.

Lakini kuko kifo kingine. Hewa ikiingia pahali haipashwi kuingia, esansi inakuwa kidogo kuliko hewa, na kwa vile mafuta iko ndani ya esansi, nayo inapunguka. Moto unapanda, motere inalia juu. Hapo pistoni inakwaruzika zaidi upande wa eshapema, juu ndio upande unaopata moto mwingi.

Tuliondoa eshapema (ni visi chache tu) na kupiga picha kwa simu. Alama zilikuwa upande huo peke yake. Upande wa pili ulikuwa unang'aa, na mafuta ingali inaonekana. Tukajisikia mashujaa. Bure! Patro akasema: « Mulifungua wenyewe, garanti imekufa mara ya pili. » Kusema kweli, hapo alikuwa na haki kidogo. Ile kazi tungeifanya mbele yake.

Mwenzetu aliyesoma droit ndiye alituinua. Alitukumbusha dekre ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba: muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichama ndani ya kitu alichouza, hata kama karatasi ya garanti inanyamaza, ila mununuzi asikawie kulalamika. Tukaandika barua, kopi mbili, tukaomba asinye moja. Hatukumutisha. Tuliomba tu motere ipimwe mbele yetu.

Fundi wao, muze mmoja mutulivu, akaziba njia ya eshapema na ya karbiratere, akapompa hewa ndani, akapakaa maji ya sabuni. Mapovu yakatoka kwenye spi, upande wa volan. Muze hakusema kitu, alimwangalia patro tu.

Patro naye hakuanguka mara moja. Alisema spi ni kitu cha kuisha, si cha garanti. Kwa wiki saba? Tukabishana mpaka saa kumi. Mwisho alitoa silindri na pistoni, siye tukalipa spi na kazi ya mikono, dola 35. Niliona ni sawa, ijapokuwa wenzangu wangali wananilaumu. Ile siku motere ilianza kulia yenyewe ndipo ilipashwa kuzimwa na kurudishwa magazini, si kushusha ralanti. Spi ilikuwa kosa lao, zile siku mbili zilikuwa zetu.

Mteja alingojea siku kumi na moja, akachoka. Tulimurudishia akonti yote. Ile mashini ingali inakata.