Tensta: Kwa nini nyuso hupauka wakati wa baridi

Msikilizaji, ukipanda treni ya chini ya ardhi, ile ya njia ya buluu, kutoka katikati ya jiji la Stockholm kuelekea kaskazini-magharibi, kituo kimoja kabla ya mwisho wa njia ni Tensta. Ni mtaa wa majengo ya ghorofa yaliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ya Uswidi ilipojiwekea lengo la kujenga nyumba milioni moja katika muda wa miaka kumi. Wengi wa wakaazi wake wa leo walizaliwa nje ya nchi hiyo, au wazazi wao ndio waliozaliwa nje. Wamo Wasomali, Waeritrea na Wairaki, na miongoni mwa Wasomali wapo waliopitia Nairobi, Mombasa au kambi za Dadaab, wakafika Ulaya wakiwa na Kiswahili kinywani.

Kila majira ya baridi yanapoingia, jambo moja huwapata wengi wao bila kujali walikotoka. Uso hukaza baada ya kunawa, pembe za pua na za mdomo hutoa magamba meupe, na mashavu hupauka kana kwamba yamepakwa jivu. Huonekana kuwa jambo dogo, la urembo tu. Lakini yanayofuata baada ya mpauko huo, hasa kile kinachonunuliwa ili kuuondoa, si jambo dogo hata kidogo, na ndicho kilichotufanya tuandae makala haya.

Tuanze na chanzo. Wapo wanaoyalaumu maji ya bomba. Maji ya Stockholm hutoka katika Ziwa Mälaren na ni maji laini, yenye chokaa kidogo, kwa hiyo hapa hayana hatia kubwa. Mkosaji ni hewa. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi: katika nyuzi joto 10 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 2 hivi za maji, hata ikiwa imeshiba kabisa. Hewa hiyo hiyo ikishaingia chumbani na kupashwa joto hadi nyuzi 21, huwa na uwezo wa kubeba gramu 18. Maji hayakuongezeka, ila kiu ya hewa imezidi mara nane. Mvuke wa jikoni, wa bafuni na wa pumzi zetu huipunguza kidogo kiu hiyo, lakini siku za baridi kali unyevu wa ndani ya nyumba mara nyingi haufiki asilimia 30. Linganisha na Mombasa, ambako siku ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 kila mita ya ujazo ya hewa huwa na zaidi ya gramu 20 za maji. Aliyekulia pwani hakuwahi kuhitaji kuulinda uso wake na hewa. Hewa ilikuwa ikimlinda yeye.

Dawa ya kienyeji ya Ulaya ni kuweka bakuli la maji juu ya vyuma vya kupashia nyumba joto. Hesabu yake haiko upande wetu. Nyumba ya mita 70 za mraba, ikifuata kiwango cha Uswidi cha kuingiza hewa safi, hubadilisha karibu mita za ujazo 88 za hewa kila saa. Ili kuiongezea hewa yote hiyo gramu 4 tu za maji kwa kila mita ya ujazo, zahitajika lita 8 kwa siku. Bakuli halitoi hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Na anayeziba matundu ya hewa ili kuutunza unyevu hupata ukungu kwenye kuta na madirisha, jambo baya zaidi kwa mwenye pumu. Basi tuiache hewa ilivyo, tuutazame uso.

Tabaka la nje kabisa la ngozi ya uso ni jembamba mno, karibu sehemu moja au mbili za mia za milimita. Aliyeziona nyumba za kale za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja ataelewa upesi jinsi lilivyoundwa. Seli zilizokufa ndizo mawe, na kati yao kuna mafuta maalumu ya ngozi ambayo ndiyo chokaa. Chokaa ikioshwa, ukuta huvujisha maji na mawe hulegea. Magamba tunayoyaona ni mawe hayo yanayobanduka kwa mafungu badala ya kudondoka moja moja bila kuonekana. Kwenye ngozi nyeusi magamba hayo hurudisha mwanga na kutoa rangi ya kijivu. Ndiyo maana Mswidi mweupe mwenye ukavu uleule huenda asijione ana tatizo, ilhali jirani yake Msomali huonekana amepauka tangu akiwa mlangoni.

Kinachoosha chokaa ni sabuni na maji ya moto. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kipimo cha pH kikiwa karibu na 5, na sabuni ya kipande ya kawaida huwa na 9 au 10. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku hakuna haja ya kupunguza ibada. Maji yawe ya uvuguvugu, uso usiguswe kwa sabuni kila mara, ukaushwe kwa kubonyezwa na taulo bila kusuguliwa, na upakwe mafuta mara tu baada ya udhu, ungali na unyevunyevu. Hapo ndipo ilipo siri, kama ipo. Mafuta hayaleti maji katika ngozi, huyafungia yaliyomo. Anayepaka mafuta juu ya ngozi iliyokauka kwa saa nzima karibu na vyuma vya joto hufunga mlango wa ghala tupu.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando, yale ya petroli ambayo Robert Chesebrough aliyasajili Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, bado ni miongoni mwa yanayozuia maji vizuri zaidi, na bei yake ni ndogo. Wasioupenda mng'ao wake hutumia krimu yenye gliserini, ambayo huyavuta maji na kuyashika. Katika maduka ya dawa ya Uswidi zipo pia krimu za yurea, zilizoandikwa karbamid, nazo hulainisha magamba vyema, ila huwasha kwenye ngozi iliyopasuka na hazifai kwa uso wa mtoto mdogo. Neno la kutafuta juu ya kila chupa ni oparfymerad, yaani isiyotiwa manukato.

Nikiri kwamba huniuma kidogo kuisema liwa vibaya. Unga wa msandali uliochanganywa na marashi ya mawaridi umepamba nyuso za wanawake wa pwani yetu kwa vizazi vingi, na katika joto na jasho la Tanga au Mombasa hupoza na kunyonya mafuta yaliyozidi. Kazi hiyo hiyo ya kunyonya ndiyo inayoifanya isifae Tensta mwezi wa Januari. Na iwekwe kwa ajili ya harusi za kiangazi.

Lakini si kila gamba ni ukavu. Magamba ya rangi ya njano yenye mafuta, yanayokaa pembeni mwa pua, ndani ya nyusi na kwenye mpaka wa nywele, yakiambatana na mba kichwani, mara nyingi ni ugonjwa mwingine unaohusiana na kuvu wa jamii ya hamira wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu. Kwa watu weusi huacha mabaka yaliyofifia. Kuvu hao hula mafuta, hivyo anayezidisha mafuta ya zeituni au ya nazi huweza kuwaandalia karamu. Hali hiyo hutibiwa kwa dawa ya kuvu, kwa mfano shampuu yenye ketokonazoli, ambayo katika duka la dawa la Uswidi huuzwa bila cheti cha daktari.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Uso mkavu huwasha, na uso unaowasha hukunwa. Ngozi nyeusi iliyokunwa au kuvimba, hata kidogo tu, huacha alama nyeusi zinazoweza kudumu miezi mingi. Mtu ambaye mwezi wa Novemba alikuwa na magamba tu, mwezi wa Februari ana madoa, na kwa ajili ya madoa kuna mkorogo. Jina lenyewe latuonya: ni kitu kilichokorogwa, na aliyekikoroga hayupo kujibu maswali.

Ndani ya krimu hizo mara nyingi hukutwa vitu vitatu. Haidrokwinoni, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi vya kung'arisha ngozi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu usiofutika. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo, na huweza kumfikia mtoto kupitia taulo na mikono ya mama. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unaikataza katika vipodozi. Cha tatu ni steroidi kali, hasa clobetasol, nacho ndicho kinachodanganya kuliko vyote. Kikipakwa, magamba na mwasho huondoka kwa siku chache tu. Mtu husema amepata dawa. Baada ya wiki au miezi ngozi ya uso huwa nyembamba, chunusi na vinyweleo huchipuka, na akiacha kupaka uso huwaka moto na kuvimba kuliko awali, hivyo hurudi dukani. Hydrocortisone hafifu ya asilimia 1, ambayo daktari au mfamasia anaweza kuipendekeza kwa siku chache, si sawa na hiyo, ingawa zote huitwa steroidi.

Kenya na Tanzania zilikwisha kupiga marufuku krimu za namna hiyo, na Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Nchini Uswidi mamlaka ya dawa, Läkemedelsverket, imekuwa ikiwaonya wananchi, na manispaa hukagua maduka. Hata hivyo kijisanduku kinaweza kusafiri ndani ya sanduku la shangazi aliyekuja kusalimia, na hakuna mkaguzi wa kukifungua. Anayetaka kujikinga asome maandishi: clobetasol, betamethasone, hydroquinone, calomel au mercurio. Chombo kisichotaja kilichomo kabisa kisifunguliwe.

Kwa aliyepaka uso mafuta ya mgando au krimu ya gliserini kwa wiki mbili au tatu bila nafuu, au mwenye mipasuko inayotoa maji au magaga ya njano, mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha mtaa, vårdcentral kwa Kiswidi, au simu namba 1177, ambayo wauguzi huijibu saa zote 24. Mgonjwa anaweza kuomba mkalimani, na ni bora aombe kuliko kumtumia mtoto wake atafsiri. Amweleze daktari rangi ya kawaida ya ngozi yake, na akiwa na picha ya zamani aichukue, kwa maana vitabu vingi vya udaktari hueleza uvimbe wa ngozi kuwa ni wekundu, ilhali kwenye uso mweusi huonekana kuwa wa zambarau, wa kijivu au weusi uliozidi. Ukavu ulioambatana na uchovu na kuhisi baridi kupita kiasi huenda ukatokana na tezi ya shingoni. Na baka lililofifia lisilohisi mguso lapaswa kutajwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukoma bado upo Tanzania, Msumbiji na Kongo, na daktari wa Stockholm huenda hajawahi kuuona kwa macho yake.

Aliyekwisha kutumia mkorogo kwa muda mrefu asiutupe kimya kimya akidhani ndio mwisho. Aende nao kwa daktari, hata kama kopo halina jina, aseme ameupaka tangu lini na mara ngapi kwa siku. Kuiacha steroidi kali kwahitaji usimamizi, na daktari asiyejua kilichopakwa atautibu uso huo kana kwamba ni mkavu tu.