Mpanda miti anatakiwa awe amesoma nini?



Tulipowauliza wanafunzi wetu wa sekondari wanataka kazi gani, waliandika udaktari, ualimu, udereva, ushonaji. Kijana mmoja akaandika "mpanda miti", na darasa zima likacheka. Sisi walimu tulipokaa pembeni tukaulizana: kwani hii siyo kazi? Wengi wetu karo yetu ililipwa na mawese, na ngazi hazikushuka mtini zenyewe. Basi tukalifuatilia.

Tuanze nyumbani. Kule Fizi na Uvira, Rumonge upande wa Burundi, na hapa Kigoma, mchikichi (wengi wetu tunauita mungazi) unaweza kufika mita 20 na kupita. Mkungu mkubwa una kilo 20 au zaidi. Mkwezi anajizungusha kamba pamoja na mti, anaegemea nyuma, anairusha kamba juu kidogo, anasogeza miguu. Akifika anakata makuti kwanza, kisha mkungu. Hapo ndipo pana hatari, maana panga lile lile linalokata mkungu linaweza kukata kamba iliyomshika. Kuna nyigu, kuna nyoka, na shina likilowa mvua linateleza kama sabuni.

Tulimtembelea mzee mmoja jirani yetu, aliyeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Alituambia: "Mwalimu, watu wanafikiri kazi ni kupanda. Kupanda, hata mtoto anapanda. Kazi ni kujua kamba imechoka." Mwaka wake wa kwanza hakupanda kitu. Alibeba mikungu na kusuka kamba. Wa pili akapewa miti mifupi. Kila asubuhi mwalimu wake aliivuta kamba yote mkononi, kidole kwa kidole, kabla ya mtu kuinuka ardhini. Hiyo ni shule kabisa, ila haikumpa cheti, na ndiyo maana leo hana cha kuonyesha.

Sasa tuangalie wenzetu wa mbali. Uingereza, mtu anayepunguza matawi ya miti mirefu ya mjini hupimwa kwa mitihani ya vitendo: kutumia na kutunza msumeno wa mnyororo ukiwa chini, kupanda kwa kamba na mkanda wa mwili, kumwokoa mwenzako aliyekwama juu, na mwisho kabisa kutumia msumeno ukiwa unaning'inia. Huwezi kurukia huo wa mwisho. Tena taratibu zao za usalama zinataka watu wasiopungua wawili kazini, na mmoja wa walio chini awe na vifaa na ujuzi wa kupanda kumteremsha aliye juu. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyezimia akiwa ananing'inia kwenye mkanda anaweza kufa upesi, hata kama hakuanguka.

Huko Marekani kipo chama cha wataalamu wa miti kiitwacho International Society of Arboriculture. Kinatoa cheti cha mpanda miti kwa mtu mwenye uzoefu wa miezi 18 ya kupanda, aliyefundishwa huduma ya kwanza na uokoaji wa juu ya mti. Halafu kuna mtihani wa kuandika na wa vitendo. Mtihani unauliza afya ya mti, aina za mafundo ya kamba, na umbali wa kukaa na nyaya za umeme. Kwa hiyo yule anayesema "mimi sihitaji biolojia, nitapanda miti tu" arudi darasani. Wanawake pia wanaifanya kazi hii. Wapo hata kwenye mashindano ya kimataifa ya kupanda miti, ambayo mojawapo ya vipimo vyake ni kuteremsha sanamu ya mtu "aliyeumia" juu ya mti.

Si lazima iwe Ulaya. Hapa Tanzania mbegu za miti ya kupanda zinakusanywa kitaalamu, na kwa miti mirefu mkusanyaji anapanda, kwa sababu mbegu iliyookotwa chini huenda imeliwa na wadudu na hujui imetoka kwa mti gani. Upande wa michikichi, Serikali ilianza mwaka 2018 kulifufua zao hilo Kigoma, na kituo cha utafiti cha Kihinga kinatoa miche ya tenera. Mti wa tenera ukiwa bado mfupi unavunwa umesimama chini. Hilo vijana wa kukwea walijue mapema: kazi haiishi, lakini itabadilika.

Je, kwetu hapa? Tuseme ukweli, bila kibali hatutoki kambini, na cheti cha nchi fulani hukifanyii mtihani chini ya mwembe. Tena hatuwatumi mkapande miti ya kambi wala kukata mibichi, mtatuletea kesi. Na watoto wanaofuata maembe kileleni, wazazi wawashushe.

Lakini kuna vitu vinawezekana. Huduma ya kwanza: mafundisho yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo, jiandikishe, usiseme ni ya manesi. Biolojia na Kiingereza au Kifaransa: vipindi vipo. Mafundo ya kamba unajifunza ukiwa umekaa chini. Na wewe baba au kaka uliyekwea huko nyumbani, chukua daftari: mwaka gani hadi mwaka gani, kijiji gani, miti ya aina gani na urefu gani, ulitumia kamba ya nini, nani alikufundisha, nani alikuona na yuko wapi sasa. Huyo shahidi akiwa hapa hapa kambini, atie sahihi. Siku ukiulizwa uzoefu wako, uwe na kitu cha kuweka mezani. Asiyejua kuandika aje darasani kwetu saa kumi jioni, Jumanne au Alhamisi, tutamwandikia. Yule mzee jirani yetu yeye tumeshamwandikia, zimejaa kurasa nne na bado hajafika mwaka 1990.