Bari, 1943: waganga walitibu sumu bila kuambiwa

Wenzangu, wengi wetu tuliosoma kemia tulisikia gesi ya haradali kama jambo la vita vya 1914-1918, kisha mwalimu akafuta ubao. Mimi pia nilijua hivyo tu. Kumbe iliua watu tena Desemba 1943, katika Bari, mji wa bandari kusini mwa Italia, na haikutupwa na adui. Ililetwa na meli ya Wamarekani.

Waingereza walikuwa wameingia Bari mwezi wa Septemba, na bandari ikawa mlango wa kupitishia mafuta na risasi za jeshi lililokuwa linapanda kaskazini. Tarehe 2 Desemba, meli kama 30 zilibanana humo. Mchana, mkubwa wa ndege za Uingereza, Arthur Coningham, aliwaambia wanahabari kwamba Wajerumani hawana tena nguvu ya kushambulia pale. Magaribi, ndege kama mia moja za Kijerumani zikafika. Taa za bandari zilikuwa zinawaka, juu watu walikuwa wanapakua mizigo. Dakika hazikufika 20, meli 17 zikaharibiwa kabisa.

Moja iliitwa John Harvey. Ilibeba mabomu 2,000 ya haradali. Wakubwa waliogopa Hitler ataanza kutumia gesi, basi walitaka yao ya kujibia iwe karibu. Mzigo ulikuwa siri, na mabaharia waliokuwa ndani walikufa wote.

Sasa, jina "gesi" linadanganya. Haradali hiyo ni maji mazito kama mafuta. Ilichanganyika na mafuta ya meli yaliyotanda juu ya bahari, na watu waliojirusha majini waliogelea ndani yake. Hospitalini wauguzi waliona watu wenye baridi na mshituko, njo wakawafunika mablanketi na kuwapa chai ya moto, nguo zikiwa bado zimelowa mwilini. Yaani waliifungia sumu kwenye ngozi. Kuvua nguo na kuoga mapema kungeokoa wengi, na hiyo haiombi dawa ya bei kali. Asubuhi macho yalikuwa yamefumba, ngozi imejaa malengelenge. Wengine walionekana hawajambo, kisha wakafa ghafla.

Toka Algiers wakamtuma munganga mmoja Mmarekani, Stewart Alexander. Alishuku haraka. Alichora ramani ya bandari, akaangalia kila maiti ilitoka meli gani, na vifo vikamwelekeza kwa John Harvey. Mpiga mbizi akatoa chini ya maji kipande cha ganda la bomu: la Kimarekani. Alihesabu wanajeshi na mabaharia zaidi ya 600 walioumizwa na sumu, 83 kati yao wamekufa. Raia wa Bari hakuna aliyewahesabu vizuri, na hapo mimi nakasirika zaidi.

Eisenhower alikubali ripoti yake. Churchill alikataa, akaamuru karatasi za Waingereza ziandike tu kwamba ni kuungua kwa sababu ya adui.

Munaweza kusikia watu wanasema dawa ya kansa ilizaliwa Bari. Haiko hivyo kabisa. Alexander aliona chembe nyeupe za damu za wagonjwa zimepungua sana, kwani sumu hiyo inaharibu DNA, na chembe zinazogawanyika upesi njo zinaumia kwanza. Seli za kansa nazo zinagawanyika upesi. Lakini Goodman na Gilman, pale Yale, walikuwa wamekwisha kumjaribia mgonjwa ndugu ya sumu hiyo, haradali ya nitrojeni, mwaka wa 1942, nao pia kwa siri. Bari iliongeza ushahidi na kuwapa watafiti moyo. Dawa yenyewe ilikubaliwa Marekani mwaka wa 1949.

Mabaharia wa Uingereza walionusurika walingoja zaidi. Ni mwaka wa 1986 tu serikali yao ilikubali kwamba walikuwa wameguswa na haradali, ikarekebisha pensheni zao. Waliokuwa na miaka 20 usiku ule walikuwa wamepita 60.